Mama alijibu sijambo, kaunsili wakamnyima Blue Badge

Shikamoo Anti,

Samahani nitaandika ndefu, maana nikifupisha utaona ni kijambo tu cha paking wakati mimi juzi kimenitoa machozi mbele za watu.

Niko Uingereza, mji mmoja huku Midlands, nafanya kazi ya kea, yani kutunza wazee majumbani. Naishi na mama yangu, ana miaka 74, mtu wa Tanga, Ngamiani kabisa, na huku ana miaka kumi na tisa sasa, pasipoti ya hapa anayo kwahiyo mambo ya viza hayatuhusu. Magoti yake yote mawili yamekwisha. Hospitali wanasema yamesagika, yeye anasema ute umekauka, vyovyote vile akiinuka kwenye kochi unayasikia yanavyolia. Halafu ana presha, na mwaka juzi wakamwambia na moyo nao hausukumi damu vizuri, ikifika jioni miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, akitembea kidogo tu pumzi inakata.

Sasa mama yangu Anti hapendi aonekane anaumwa. Tukiwa njiani akichoka hasemi nimechoka, anasimama, anafungua mtandio, anaufunga upya taratibuuu, ndo tunaendelea. Ilinichukua muda kujua kwamba ule mtandio huwa haujalegea.

Juzi tulikuwa na apointimenti ya moyo. Paking zote za karibu na mlango ni za wenye Blue Badge, ile beji ya wasioweza kutembea vizuri, nikazunguka mpaka nikapata nafasi kule mwisho kabisa. Kutoka kwenye gari mpaka risepsheni kafunga mtandio mara sita. Mara ya sita kashika saiti mira ya gari la watu, anahema, bado ananiambia "tangulia mwanangu nakuja, mie naangalia haya maua". Anti hapakuwa na maua. Palikuwa na ukuta wa zege na pipa la taka. Tukafika tumechelewa dakika ishirini, yule wa risepsheni anataka kutupangia siku nyingine, hapo ndo nikalia kama mtoto.

Kinachoniuma zaidi, kazini kwangu nawapeleka mabibi wa kizungu kliniki, beji iko kwenye dashibodi, napaki mlangoni, tunashuka. Mama yangu mzazi namburuza.

Utaniuliza kwani hamjaomba. Tumeomba, mwaka jana. Fomu nilijaza onlaini wakati wa lanchi, dakika kumi na tano hivi, pale wanapouliza anaweza kutembea umbali gani nikaandika "sio mbali sana". Kaunsili, yani halmashauri ya mji, wakamwita akaangaliwe anavyotembea. Siku hiyo mama kaamka alfajiri, kapiga pasi dera lake la Iddi, kajipulizia manukato, kameza dawa za maumivu mbili kabla ya wakati wake "nisije nikakuaibisha", na fimbo kaiacha kwenye gari. Akanambia nisubiri nje. Baadaye ndo akanihadithia kwa furaha kabisa kwamba yule dada alimuuliza anaendeleaje akamwambia faini, faini, thenki God. Kaulizwa dukani unakwenda, akasema naam nakwenda. Akamwongezea na hadithi ya alivyokuwa akitembea kwa miguu toka Ngamiani mpaka Raskazone na sinia kichwani! Halafu wakamwambia atembee koridoni, akatembea kama askari wa gwaride. Kurudi nyumbani siku mbili hakushuka kitandani.

Barua ikaja, wamemnyima, eti anaweza kutembea bila shida kubwa.

Sasa mama hataki kusikia tena. Anasema "nilikwambia mie sio kiwete, umenipeleka kwa watu wakanifanya mwongo". Rafiki zangu wanasema niombe tena niongeze chumvi, niseme hatembei kabisa, siku ya kuangaliwa nimkalishe kwenye kiti cha magurudumu. Kuna kaka mmoja hapa anajaza fomu kwa pauni 80, anasema ana mtu wake ndani. Na kaka yangu naye, badala ya kusaidia, keshapiga hesabu kwamba ikipatikana awe anaichukua siku za kazi apaki mjini bure, kwasababu mama siku hizo hatoki.

Nifanyeje Anti? Na ile barua waliyotunyima, ndo mwisho au kuna njia?

Binti wa Ngamiani

*

Marahaba mwanangu.

Kwenye gwaride nilicheka, kwenye maua nikaacha kucheka.

Nianze hapo hapo, maana shida yenu naiona imekaa kwenye salamu. Sisi mgonjwa yuko kitandani, dripu mkononi, ukimuuliza hujambo bibi, anakujibu sijambo mwanangu. Ndo adabu. Kisha anavuta pumzi anakwambia, ila tu hili goti. Habari nzima iko baada ya ile "ila", na kila mtu aliyekulia kwetu anajua kuisubiri. Yule dada wa kaunsili hakulelewa Ngamiani, kasikia faini kaandika faini, kaona gwaride kaandika gwaride. Hajakosea sana na mama hajadanganya, ni watu wawili tu walioongea wakapishana.

Na wewe mwanangu "sio mbali sana" ndo nini? Sio mbali kwa nani? Kwangu mimi sio mbali ni hapo stendi. Umejaza fomu ya mama yako kama unajaza kuponi ya bahati nasibu, usinikasirikie, nakwambia kwasababu hilo ndo jambo moja kwenye barua yako ambalo liko mikononi mwako kabisa.

Haya. Kwa wasiokaa huku, Blue Badge ni kikadi cha bluu chenye alama ya kiti cha magurudumu, kinawekwa kwenye dashibodi, kinampa mtu asiyeweza kutembea vizuri ruhusa ya kupaki karibu na anakokwenda. Inatolewa na kaunsili ya pale unapoishi, unaomba kupitia GOV.UK, tovuti ya serikali, au unawaendea wenyewe. England haizidi pauni 10, Scotland ni 20, Wales bure, na kwa kawaida inakaa mpaka miaka 3 ndo unaomba upya. Kwahiyo huyo kaka wa pauni 80 ana mtu wake ndani, huyo mtu ni mfuko wake. Usimpe hata senti, na nyaraka za mama usimpe. Ukihitaji mtu wa kukaa na wewe mkajaza pamoja, mashirika ya ushauri kama Citizens Advice na Age UK wanasaidia bure. Na unapotafuta ile fomu kwenye simu angalia vizuri unaingia wapi, kuna visaiti vinajifanya vya serikali vinakutoza hela ya bure.

Njia za kuipata ziko mbili. Ya kwanza haina maswali mengi, ni ya watu ambao tayari serikali imeshawakubali kwenye kitu kingine, mfano anayepata PIP, ile posho ya ulemavu, na kwenye kile kipengele cha kutembea kapata pointi 8 au zaidi, au DLA, posho ya ulemavu ya zamani, kiwango cha juu upande wa kutembea, au aliyesajiliwa kuwa haoni. Mama yako hii njia imempita. Mtu akishavuka umri wa pensheni ya serikali haombi tena PIP mpya, anaomba Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji kusaidiwa, na hiyo haina kipengele cha kutembea, kwahiyo hata akiipata haimpi beji moja kwa moja.

Lakini ngoja kwanza, hiyo Attendance Allowance mama anapata? Mbona hujaitaja? Wewe ni kea, kila siku unaingia nyumba za watu wanaoipata. Mganga hajigangi kweli. Kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 kwa wiki kiwango cha chini na 110.40 cha juu, hawaangalii una akiba kiasi gani, wanaangalia kama mtu amehitaji kusaidiwa kuoga, kuvaa, kuamka usiku, kwa angalau miezi 6. Kama mama unamvalisha soksi asubuhi kwasababu hainami, tayari una cha kuandika. Hilo tulifanye siku nyingine, ila lifanye.

Njia ya pili, ndo yenu, ni kaunsili wenyewe waangalie na waamue. Hapa wanachotafuta ni mtu asiyeweza kutembea, au anayetembea kwa shida kubwa sana kwa maumivu, kwa kukatika pumzi, kwa muda anaotumia, au ambaye kutembea kunamhatarisha. Umesikia hayo maneno? Maumivu, pumzi, muda, hatari. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi, watu wengi wanaandika "ana presha ana sukari ana moyo" wanadhani wamemaliza. Kaunsili inataka kujua ule moyo unamfanya nini akiwa kati ya gari na mlango.

Kaunsili zina mwongozo wa serikali wanaoufuata na ndani yake kuna vipimo. Anayeweza kwenda zaidi ya mita 80 bila shida nyingine yoyote kwa kawaida hapewi. Anayekwenda mita 30 mpaka 80 wanaangalia na mambo mengine, mwendo wake ukoje, anatembea polepole kiasi gani. Na hiyo polepole wameiwekea namba, mtu mzima wa kawaida wanamkadiria kama mita 90 kwa dakika, akiwa chini ya mita 40 kwa dakika huyo anahesabiwa ni wa polepole mno.

Kwahiyo kabla hujagusa fomu kafanye hivi. Siku ya kawaida, sio ya sherehe, mama anapotoka kwenda kwenye gari au kwa jirani, wewe nyuma yake na simu. Usimwambie tembea nikuangalie maana utapata gwaride lingine. Angalia saa anapotoka mlangoni. Hesabu mtandio. Mtandio wa kwanza umefungwa wapi, kwenye geti? Kwenye nguzo ya taa? Amesimama sekunde ngapi? Alishika nini? Alipofika aliweza kuongea au ilibidi apumzike kwanza ndo ajibu? Ukirudi pima ule umbali kwa hatua zako au kwa ramani ya simu. Tuseme ni mita 60 na katumia dakika tatu pamoja na kusimama, hiyo ni mita 20 kwa dakika. Hapo huhitaji chumvi yoyote mwanangu, chakula kimeshakolea.

Halafu ndo unaandika, na unaandika kama unamhadithia mtu aliyefumba macho. Sio "anachoka haraka". Andika hivi, kisha utaigeuza Kiingereza mwenyewe: "Kutoka mlango wa mbele mpaka sanduku la posta ni kama mita 60. Anatumia dakika tatu. Anasimama mara mbili, mara ya kwanza baada ya kama mita 20, anashika ukuta, anahema, hawezi kuongea. Akisimama anajifanya anafunga mtandio kwasababu anaona aibu. Anatumia fimbo mkono wa kulia. Goti la kushoto limewahi kumwachia mara mbili miezi hii, mara moja akaanguka. Akienda umbali huo, siku inayofuata anabaki nyumbani, miguu imevimba." Hizo namba nimezitunga mimi, wewe weka zako. Na hiyo ya mtandio iache humo humo, usiitoe kwa kuona ni mambo ya nyumbani, hakuna atakayeisoma akadhani umeitunga.

Pale wanapouliza dawa usiandike "dawa za presha", chukua ile karatasi ya dawa za kila mwezi andika zote na kipimo. Barua za kliniki ya moyo na za magoti mlizonazo kabatini zipige picha uziambatishe. Barua mpya ya kulipia ya GP, daktari wenu wa mtaani, usiikimbilie kama hujaombwa. Utahitaji pia kitambulisho chake, pasipoti inatosha, na kitu cha kuonyesha anaishi hapo kama bili ya Council Tax, ile kodi ya kaunsili, au barua ya serikali, na namba yake ya National Insurance, ile bima ya taifa. Wewe unaruhusiwa kujaza kwa niaba yake, kuna sehemu unasema unamwombea mtu mwingine, ila yeye lazima ajue na akubali.

Chumvi sasa. Kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu mtu anayetembea ni uongo, na kudanganya ili upate beji ni kosa la jinai huku, na wewe una kazi ya kutunza wazee ambayo wanakukagua, utaharibu ulaji wako kwa ajili ya paking. Na mama yako atakuwa ndo amefanywa mwongo kweli, safari hii na mtoto wake. Sipati picha ukimwambia akae humo!

Umeuliza ile barua ndo mwisho? Hapana. Mahakama ya rufaa ya Blue Badge hakuna, lakini kaunsili lazima wakwambie sababu ya kukataa, na unaweza kuwaandikia waangalie upya. Soma barua yenyewe, mara nyingi wametaja muda wa kufanya hivyo. Waombe na nakala ya ripoti ya yule dada aliyemwangalia, ni taarifa za mama, ana haki nazo. Kwa kesi yenu lakini imeshapita mwaka, moyo umezidi, na fomu ya kwanza ilikuwa nusu tupu, mimi ningeomba upya kabisa kuliko kugombania ile ya zamani. Kwenye ile mpya taja wazi kwamba waliwahi kumkatalia, na eleza kwa sentensi mbili kwamba siku ile alikuwa amemeza dawa za ziada na hakuwa na fimbo. Usifiche. Wakikataa tena na ukaona hawakufuata utaratibu, unalalamika kaunsili kwanza kwa maandishi, wakishindwa kukujibu vizuri ndo unakwenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, anayechunguza malalamiko dhidi ya kaunsili, ni bure. Huyo hatatoa beji mwenyewe ila anaweza kuwaambia kaunsili wamekosea wairudie.

Wakimwita tena kuangaliwa, safari hii unaingia naye. Dawa anameza zile zile za kila siku, saa zile zile, hakuna za ziada. Fimbo mkononi. Viatu vile anavyovaa akienda kliniki. Dera la Iddi likae kabatini, au basi alivae kama atakufa bila hilo dera lakini fimbo ibaki. Ombeni mapema mkalimani wa Kiswahili hata kama mama Kiingereza anakipiga, maana Kiingereza chake ndo kile cha faini thenki God, kwa Kiswahili angalau ile "ila" itatoka. Na akiulizwa dukani unakwenda, sio ajibu naam, ajibu ilivyo: nakwenda mara ngapi kwa wiki, nani ananishika, napumzika wapi, nikirudi inakuwaje.

Sasa mama mwenyewe, maana bila yeye kukubali yote haya ni kelele. Kwanza acha kumwambia beji ya walemavu. Wewe umezoea neno hilo kazini linapita tu, yeye analisikia kama umemvua nguo sokoni. Mtu aliyepanda Raskazone na sinia kichwani unamwambia apige picha iwekwe nyuma ya kigari cha magurudumu, lazima akatae, hata mimi ningekataa kwanza. Usimbishie kama ni kiwete au sio. Mweleze ulilia kwa nini siku ile. Mwambie mama, mimi ndo nashindwa, nachelewa kazini, nazunguka paking nusu saa, nahofia utaniangukia njiani, naomba unisaidie mimi hiki kikadi. Na iwe kweli, maana ni kweli. Akina mama wa kwetu kusaidiwa hawataki, kumsaidia mtoto hawakatai. Na lile la kwamba walimfanya mwongo, mwambie hapana, walimwamini. Alisema hajambo wakamwamini. Nadhani hapo atacheka.

Kaka yako. Muonyeshe sehemu hii asome mwenyewe. Kaka, beji ni ya mama, sio ya gari na sio ya familia. Inafanya kazi kwenye gari lolote alimo yeye, akiendesha au akiendeshwa, hata teksi, na mama akiwa hayumo kwenye hiyo safari haifanyi kazi, hata kama umetumwa na yeye mwenyewe kumchukulia dawa. Faini inafika pauni 1,000, beji inaweza kuchukuliwa, na wanaokagua wana haki ya kukwambia uwaonyeshe, nyuma kuna picha ya mama, sijui utawaambia nini, umefuga ndevu? Na ukikamatwa wewe atakayerudi kufunga mtandio mara sita ni mama yako. Kapande basi.

Mkishaipata inakuja na kisaa cha kadibodi, na hiki watu wanakisahau. Kwa England unaweza kupaki kwenye laini za njano, moja au mbili, ambapo wengine wanakatazwa, mpaka masaa 3, ilimradi pasiwe na alama za kukataza kushusha mizigo na usizibe njia, lakini lazima kile kisaa kionyeshe umefika saa ngapi. Beji inalazwa uso juu, picha chini. Paking za mitaani za kulipia mara nyingi ni bure na bila kikomo, soma kibao lakini. Paking za hospitali na supamaketi ni za watu binafsi au zina sheria zake, nyingine utalipa kama kawaida hata ukiwa na beji, kwahiyo siku ya kwanza muulize yule wa risepsheni kabla hamjaondoka. Na mkija London kwenye maharusi, pale katikati Westminster, Kensington and Chelsea, City of London na kipande cha Camden wana taratibu zao, msije mkapaki kwa kujiamini. Usiku usiiache kwenye gari, zinaibwa sana, vioo vinavunjwa kwa ajili yake.

Ila majibu yanaweza kuchukua wiki 12 na zaidi, na kliniki haisubiri. Kwahiyo wiki hii piga simu ile idara ya moyo, namba iko kwenye barua ya apointimenti, waambie mgonjwa wako hawezi kutoka paking mpaka ndani. Uliza sehemu ya kumshusha mlangoni iko wapi, na viti vya magurudumu vya kuazima, hospitali nyingi vinakaa pale mlangoni, ni vya kila mtu, ukikaa humo dakika tano hujawa kiwete. Unamshusha, anakaa, wewe unakwenda kupaki unarudi. Uliza pia kama anaweza kupata gari la wagonjwa lile la apointimenti, linatolewa kwa wenye sababu za kiafya, watakuuliza maswali, na hapo tena uache kujibu "sio mbali sana".

Umesema nyinyi mambo ya viza hayawahusu ila kuna wengine wanasoma hapa wamewaleta wazazi kwa viza yenye lile sharti la kutogusa public funds, yani misaada ya serikali, na wananiuliza hili kila mara. Attendance Allowance imo kwenye ile orodha ya public funds, usimwombee kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Blue Badge haimo kwenye orodha.

Mpe mama shikamoo yangu. Akikwambia hajambo, muulize tena.

Halafu nilitaka kusahau, picha. Wanataka ya kichwa na mabega, ya karibuni, uso wote uonekane. Mtandio anaweza kubaki nao kwasababu ni wa dini, usifunike uso tu. Mpige nyumbani kwa simu, karibu na dirisha. Na hapo dera la Iddi ruksa.